Kwa Muvivu, Pale Hakuna Mutu Alipanda

Lionel, weka telefone yako hapa karibu na mudomo wangu, si kule ku meza, hapa juu ya blanketi, na uhakikishe inarekodi kweli kwa sababu sina nguvu ya kusema mara mbili. Florent, wewe mukubwa wao, kaa pale mulangoni na usitoke hata wakikuita. Héritière, binti yangu, niinue niketi. Hapana, hivi naumia, nilaze. Aa, niinue tena, mutu hawezi kugawa vitu vyake huku amelala chali anatazama mabati. Na wewe Twagirimana, jirani yangu wa mupaka, umeshuka kutoka kule milima ya Masisi mpaka hapa Ndosho ya Goma na hayo magoti yako mabaya, asante sana, sogeza kiti usikie vizuri, kwa sababu humu ndani kuna mambo yako pia na hayatakufurahisha yote.

Wanangu, mimi Adalbert papa yenu ninaondoka. Daktari hakuniambia, lakini ameacha kunigombeza juu ya tumbako, nikaelewa. Leo ni siku ya posho, kesho ni ya kanisa. Kesho kutwa, siku ya kwanza, Buhendwa anapandisha masini zake za kukata miti kule kwetu, na mimi sijui kama hiyo siku nitaiona. Ndiyo maana sina raha tangu asubuhi, ndiyo maana ninawasumbua, fungueni dirisha, fungeni dirisha, leteni maji, ondoeni maji. Si ugonjwa unaonisumbua. Ni zile masini. Kuna kitu niliuza kwa mudomo huu, na ni lazima niseme niliuza nini na sikuuza nini ningali ninapumua, kwa sababu neno la muzee anaweza kulinyoosha muzee mwenyewe tu, akishakufa kila mutu analivuta upande wake.

Kwanza, muache kumutazama Florent vibaya. Munafikiri ni yeye alimuleta Buhendwa. Ni mimi. Florent alinyamaza kwa heshima, mukamusema, akanyamaza tena, na mimi nikaacha asemwe hivyo kwa sababu ilinifaa. Nilikuwa nimelala hapa, nikasikia kwamba kule juu watu wanapita na mapanga mchana kweupe wanakata mikalitusi yangu wanachoma makala ya kupikia, nikakasirika, nikasema heri nikate mimi niliyepanda kuliko kukatiwa na mutu ambaye hata jina langu hajui. Nikamuita Buhendwa, mutu wa makala na mbao, nikamwambia: "Nakuuzia boisement yangu yote." Akarudia: "Boisement yote, muzee?" Nikasema yote. Tukashikana mikono mbele ya Florent na mbele ya chefu wa avenue, wa mutaa huu. Haya mabati mapya juu ya vichwa vyetu ni ya Buhendwa, alileta kama malipo kabla ya kukata hata tawi moja, kwa hiyo musije mukaniambia tuvunje mapatano. Hatutavunja. Si mutu mubaya, na mimi si mwizi.

Lakini nataka mushike hilo neno nililosema. Boisement. Maana yake miti iliyopandwa na mutu. Mulishike sana, tutalirudia.

Shamba letu munalijua, ingawa wewe Lionel ulikuwa mudogo tulipokimbia na tangu hapo unajua paka barabara tu na ile pikipiki, moto yako. Upande wa juu ni mikalitusi, mistari imenyooka mpaka juu kabisa. Upande wa chini, pale bonde linapobana na maji yanatoka, ni pale watu wote wanaita Kwa Muvivu. Kule kwetu udongo, mwami mwenye inchi anaweza kuuchukua akikasirika, au notable wake, mujumbe wake wa kijiji, akipewa kitu kidogo, lakini muti uliopandwa ni wa yule aliyepanda, na mwenye miti hafukuzwi kirahisi. Papa yangu aliniambia hayo nikiwa na miaka kumi, na mimi nikapanda. Sikupanda kwa kupenda miti. Nilipanda kwa woga. Kalitusi inaota haraka, iko mu mustari, mutu akipita mbali anaona kwamba hapa kuna mwenyewe. Kile ambacho kimeota chenyewe kinaitwa pori, na pori ni la yule atakayeliomba wa kwanza.

Kwa hiyo tulikuwa tunasafisha. Neno hilo zamani nilikuwa nalipenda, boisement yangu safi, watu walikuwa wananisifu kwalo ku soko na ku kanisa. Kusafisha maana yake ilikuwa kuingia kila kiangazi na jembe na panga na kung'oa kila kitu ambacho si kalitusi. Muche wa musebeya wenye majani mawili, ng'oa. Musave, ng'oa. Mwungo ambao ndege ameangusha mbegu yake, ng'oa, tupa, uende mbele. Niling'oa musitu mumoja muzima kwa vidole viwili, wanangu, miaka ishirini, kama mutu anayetoa chawa mu nguo, na jioni nilirudi nyumbani nikiwa na kiburi cha kazi.

Sasa nitasema juu ya mama yenu, na musinikatize. Julienne alikuwa na mimba yako, Héritière, mwezi wa nane. Nikamutuma asafishe kule chini, pale nilitaka kupanda kalitusi mwaka ule. Nilipofika saa sita nilimukuta ameketi, jembe liko juu ya magoti, anatazama chini kwenye majani. Nikamuuliza kazi iko wapi. Akasema: "Papa Florent, nimeangalia, sijaona takataka humu. Hii yote ni miti, iko paka midogo tu." Wanawake waliotoka kisimani walikuwa wanapita. Mimi nikapiga kelele wasikie. Nikamuita muvivu. Nikasema nimeoa mutu wa kukaa. Wakacheka, wakashuka na maji yao, na siku ile ile jina likashuka nao mpaka kijijini: pale ni Kwa Muvivu.

Na musifikiri niliacha pale paote kwa huruma au kwa akili. Niliacha ili kumuaibisha. Sikusafisha mimi, sikutuma mutu mwingine, nilitaka kila anayepita aone mistari yangu safi upande wa juu na uchafu wa muke wangu upande wa chini. Miaka kumi na kitu nilimuadhibu kwa kipande cha udongo. Na yeye? Alikuwa anapita pale akitoka kuchota maji, anakaa kidogo, anapumzika, anakuja kupika. Maji, Héritière. Kidogo tu. Inatosha.

Kiisha vita vikaja, munajua vilivyokuja, sitavisema. Tukashuka na vyungu na godoro moja mpaka kambi ya Mugunga, tukalala chini ya bashi la plastiki juu ya mawe ya volkano. Mama yenu hakuvumilia yale mawe. Siku zake za mwisho homa ilikuwa inampanda na kushuka, na mara moja ilipomuachilia aliniuliza: "Kule Kwa Muvivu, sasa pamekuwa namna gani?" Alisema jina hilo hivi hivi, bila uchungu, kama mutu anayetaja jina la mama yake. Mimi sikumujibu. Sikuwa najua pamekuwa namna gani. Ningeweza kumuambia nisamehe, ni neno fupi, nilikuwa na siku mbili nzima za kulisema. Tulimuzika hapa Goma. Sasa nawaambia nyinyi kile sikumwambia yeye: nilimukosea, na kwa ajili ya kiburi tu.

Nifute jasho. Hapana, siyo kulia, ni jasho. Haya, na kulia pia, sijali.

Nilipopata njia ya kupanda tena mulima kule, Florent ulinisindikiza na wewe Héritière ulikataa kubaki. Munakumbuka tulichokuta? Boisement yangu, ile safi, haikuwako. Wanajeshi, wakimbizi, wachoma makala, kila mutu alikuwa amechukua fungu lake, kwa sababu muti ulionyooka kila mutu anajua matumizi yake. Vilibaki visiki, na juu ya visiki kalitusi imeanza kuchipuka tena, kalitusi peke yake, na chini yake udongo mukavu na mufereji wa mvua unaoweza kumeza mutu. Halafu tukashuka Kwa Muvivu. Tulipoingia kulikuwa na baridi. Musebeya imetandaza matawi juu, musave chini yake, mwungo imepita wote, na chini kabisa miche, miche, huwezi kuweka mukono chini bila kugusa muche. Wakataji hawakuingia kwa sababu kila muti pale una shauri lake, huu umepinda, huu mulaini, huu una miiba, mutu wa makala anataka miti inayofanana. Na maji yalikuwa yanatoka. Kule kwingine kote bonde lilikuwa limekauka.

Wiki moja haikupita, notable akaja na mutu mwenye ng'ombe kutoka mbali. Akasema hapa ni pori, Adalbert, tunapatoa kwa huyu. Mimi nikasimama nikasema: "Nilipanda mimi. Kila muti. Kwa mukono huu." Nikaapa. Na Florent ukiwa karibu yangu ukaitikia, kwa sababu papa yako alikuwa amesema. Uongo huo ulituletea kipande kile. Nikaanza kuusema kila mahali, mpaka nikazoea, mpaka nikawa naeleza jinsi nilivyobeba miche kwa kikapu.

Ndiyo uongo niliomupa hata Angèle, yule agronomu wa kupima miti. Héritière unamujua kuliko sisi wote, ulimushikia kamba ya kupimia miaka mitatu. Mara ya kwanza nilimuona anakumbatia miti yangu na utepe, kila muti pale kifuani, anasoma namba, anapaka alama nyekundu, nikafikiri ni mununuzi anayejificha. Akapima juu kwenye mikalitusi, akapima chini Kwa Muvivu, viwanja vinavyolingana kabisa. Juu alihesabu aina mbili. Chini alihesabu thelathini na moja, na mingine alikuwa ananiuliza jina nami namupa jina la uongo ili nisionekane mujinga. Akachimba udongo pia. Juu, udongo mweusi ulikuwa unafika vidole vitatu. Chini, mukono wake uliingia mpaka kiwiko.

Nilimuuliza anatafuta nini humo. Akasema anatafuta makala. Nikacheka, nikamwambia makala ndiyo kazi ya watu wa huku, angeniuliza mimi. Akasema: "Papa, ukichoma muti, mengi yake yanaenda na moshi, sivyo? Yale yanayoenda hewani, muti uliyatoa kule kule hewani, jani kwa jani, ukayafunga ndani ya mbao. Mimi napima ni kiasi gani kimefungwa humu na hakijatoka." Akaniambia kalitusi inafunga haraka, hakuidharau, lakini kila miaka sita saba tunaikata na tunaifungulia yote. Ile musebeya mizee inafunga pole pole na haifungui. Na kwa sababu ni ya aina nyingi, mumoja anakula jua la juu, mwingine anatosheka na kivuli, mizizi ya huyu iko chini na ya yule iko juu, mahali pamoja panaingia miti mingi bila kugombana. Ugonjwa ukija unapiga aina moja, nyingine zinabaki. Lakini hakufurahia sana ile mikubwa. Alipiga magoti akahesabu midogo, ndani ya kiwanja cha hatua mbili, akasema: "Mikubwa ni ya leo. Hii ndiyo itaniambia kama kuna musitu hapa baada yetu."

Halafu akaniuliza nani alipanda. Nikasema mimi. Akaniangalia, akatazama juu, akasema: "Hata hii ambayo mbegu zake zinapandwa na ndege tu?" Nikasema hata hiyo. Akaandika. Akanisifu, akasema papa ulisimamia musitu muzuri kuliko wengi waliosomea. Na mimi, wanangu, nilipokea hiyo sifa. Niliichukua ya marehemu nikaivaa.

Basi sasa munaona pale nimekwama. Kama Kwa Muvivu nilipanda mimi, ni boisement, na boisement yote niliiuza, kwa hiyo siku ya kwanza masini itashuka mpaka kwenye maji, na Buhendwa atakuwa na haki. Kama hakuna mutu alipanda, si boisement, sikuiuza, Buhendwa hawezi kuigusa, lakini nimerudi kuwa mwongo mbele ya mwami na kipande ni pori, notable anaweza kukitoa jioni ile ile. Nimegeuka kitandani humu siku tisa na hayo maneno mawili. Kila nikilala upande huu naona masini, nikilala upande ule naona ng'ombe za mutu.

Twagirimana, zamu yako. Wewe ni jirani wa mupaka, bila wewe maneno yangu hayana shahidi, lakini siwezi kukuomba ushahidi huku nakuficha. Ile mistari mitatu ya mwisho ya mikalitusi upande wako wa malisho ni yako. Nilipanda ndani ya udongo wako ule mwaka ulipopeleka ng'ombe mbali kwa ajili ya ugonjwa, kiisha nikakushitaki kwamba wewe ndiye ulisogeza mupaka, na watoto wetu wakakua hawasalimiani. Unacheka nini? Lionel, amesema nini, sikio hili halisikii. Alijua? Ulijua miaka yote hii, na ku kanisa unanipa mukono? Anasema alikuwa ananingoja nichoke. Basi nimechoka, bwana. Nimechoka kabisa. Chukua mistari yako, na uniachilie.

Sasa Lionel, hiki kipande cha sauti ndicho utamutumia Buhendwa, leo, kabla ya giza, na ukimutumia umupigie pia. Buhendwa, hapa ni Adalbert, unanisikia sauti yangu. Nilikuuzia boisement. Mikalitusi yote ni yako isipokuwa mistari mitatu ya upande wa Twagirimana, hiyo haikuwa yangu kuuza, naye yuko hapa. Kata mingine yote, mabati yako hayatarudi. Lakini pale chini, Kwa Muvivu, masini yako isiingie. Si boisement pale. Niliwadanganya watu. Hakuna mutu alipanda. Waliopanda ni ndege na upepo, na aliyezuia wasing'olewe ni Julienne, muke wangu, ambaye nilimuita muvivu mbele za watu. Mimi sikufanya kazi hata siku moja pale. Umesikia. Twagirimana, sema neno, akusikie na wewe. Asante.

Aa. Nipumzike. Musitoke.

Sasa sikieni namna ya kufanya. Florent, kesho utapanda mulima na Twagirimana. Watu wa Buhendwa wakate chini na kwa mushazari, maji yasikae juu ya kisiki. Magogo wayapitishe njia ya juu, wasiyavute kupita kwenye miche, na tanuru za makala wazichimbe mbali na maji. Visiki vikichipuka, ile sehemu ya karibu na njia muichunge kama kalitusi, muache chipukizi mbili kwa kila kisiki, kwa sababu watu ni lazima wapike na sitaki waende kupika musitu. Ile ni yako na Lionel. Lakini ile mistari kumi inayopakana na Kwa Muvivu, musirudishe kalitusi. Muiache. Mukate tu majani yanayofunika miche, musing'oe kitu ambacho hamujui jina lake. Kila aina muibakize miti mama, mikubwa, ya kuangusha mbegu. Mutaona mwaka wa kwanza ni aibu, watu watacheka, watasema watoto wa Adalbert wamekuwa wavivu. Muitikie ndiyo.

Nyumba hii ya Ndosho ni ya Florent na Lionel. Kwa Muvivu ataisimamia Héritière. Najua, Florent, musichana ataolewa, nayasikia hayo kabla hujayasema. Mama yake ndiye alichagua jina lake, na mimi nilicheka, nikauliza mutoto wa kike atarithi nini. Héritière, uendelee kupima kila mwaka, hata Angèle asipokuja, hata barabara ikifungwa, ikifunguliwa utapanda mulima. Huwezi kuiuza. Huwezi kuisafisha.

Unasema nini, Florent? Sema kwa nguvu. Ndiyo. Ndiyo, mwanangu, una haki kuuliza. Nimesema hakuna mutu alipanda, imerekodiwa, na notable ataisikia, atasema ni pori. Swali hilo ndilo limenizuia kulala siku tisa, na jibu lake sikulipenda, ndiyo maana nimeliweka mwisho.

Kwetu kuna vitu viwili vinavyoshika udongo. Cha kwanza ni muti uliopandwa. Cha pili ni kaburi. Hakuna notable, hakuna mwami, hakuna mwenye ng'ombe aliyewahi kumwambia mutu ondoka juu ya kaburi la papa yako. Niliwaambia munizike hapa Goma, karibu na Julienne, na Florent ulishaongea na watu wa makaburi. Nimefuta. Munipandishe kule. Twagirimana, vijana wako watasaidia kunibeba pale gari linapoishia? Ameitikia kwa kichwa. Mungu akulipe.

Pale katikati, Kwa Muvivu, mwungo mumoja mukubwa ulianguka mvua ya mwaka juzi, jua linaingia, miche imejaa. Muchimbe hapo, hamutakata muzizi mukubwa. Héritière, kwanza utoe kila muche na udongo wake, uhamishe pembeni, hata ule mudogo kabisa. Musijenge simenti. Mubebe jiwe moja jeusi la volkano kutoka hapa kwenye kiwanja chetu, kule juu hakuna mawe ya namna hii, kila mutu ataona kwamba lililetwa na mutu. Muandike jina. Na wakija kuuliza nani alipanda hapa, na nini, mutawajibu bila kudanganya. Museme sisi tulipanda. Tulipanda papa yetu.

Na kaburi hilo musilisafishe. Watu watawaambia mwezi wa kumi na moja, siku ya wafu, nendeni na majembe mukasafishe kwa muzee. Mukatae. Kile kitakachoota, kiote.

Nilaze sasa. Polepole... hivyo. Florent, mukono wako. Ulibeba kosa langu bila kusema, Mungu akubebee mizigo yako. Lionel, usikimbize ile moto... Mungu akae mbele yako njiani. Héritière... nilikutukania mama yako ukiwa tumboni, ulisikia, najua ulisikia. Mungu akupe watoto wenye shingo ngumu kama yake. Musigombane juu ya vyungu. Mutakapogombana, muyamalize siku hiyo hiyo. Nawaachilia wote, sina deni la moyo na mutu... isipokuwa na mumoja.

Kwa hiyo mukishanizika, murudi Goma, mwende kwenye kaburi la mama yenu, nyote watatu. Mumwambie... pamekuwa namna gani. Thelathini na moja, mumwambie, na midogo haihesabiki. Mumwambie sikuja kulala karibu naye siyo kwa... siyo kwa kukataa. Mumwambie niko kwake.